Gesi ya Friji Haiishi, Huvuja

Friji la zamani likianza kupoza kivivu, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: gesi imekwisha, iongezwe. Fundi huja na mtungi na geji, hutoboa bomba karibu na kompresa, hujaza, hulipwa, huondoka. Jioni barafu imeshaonekana kwenye friza na nyumba nzima imeridhika. Miezi kadhaa baadaye maziwa yanachacha tena, fundi anaitwa tena, mtungi ule ule unafunguliwa tena. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wengi huamini friji linahitaji kuongezwa gesi kila baada ya muda, kama gari linavyohitaji mafuta. Si kweli. Gesi ya friji haichomwi wala hailiwi na mashine. Huvukizwa ndani ya friza na kuchukua joto, hubanwa na kompresa, huachia joto hilo kwenye koili ya nyuma, hugeuka kimiminika, kisha hurudi ilikoanzia, na safari hiyo inaweza kurudiwa kwa miaka mingi bila gramu moja kupungua. Ikiwa imepungua, imetoka. Na kama imetoka, pana tundu. Kujaza gesi bila kulitafuta tundu hilo si matengenezo, hata friji likipoza vizuri siku hiyo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka kwenye mafriji makongwe yenyewe. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza friji lililobeba mashine yake juu, ndani ya umbo la duara linaloonekana kwa mbali. Likaitwa Monitor Top. Christian Steenstrup na wahandisi wenzake huko Schenectady, New York, walikuwa wamefungia mota na kompresa pamoja ndani ya chuma kilichochomelewa, pasiwe na mhimili unaochomoza nje. Kabla ya hapo mafriji mengi ya umeme yalikuwa na mota ya pembeni, mkanda, na mhimili unaopenya ukuta wa kompresa. Penye mhimili unaozunguka hapana budi kuwe na sili, sili huchakaa, na gesi hupata njia. Monitor Top ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na baadhi bado zinapoza mikononi mwa wapenzi wa vitu vya kale, zikiwa na gesi ile ile iliyotiwa kiwandani zaidi ya miaka 80 iliyopita. Mashine iliyozibwa vizuri haiombi gesi. Kama ingekuwa gesi huchoka au hujiishia, mafriji hayo yangenyamaza zamani.

Swali ni kwa nini basi tumezoea kujaza badala ya kuziba. Jibu naliona kwenye historia ya gesi zenyewe. Mafriji ya kwanza ya nyumbani yalitumia dioksidi ya salfa, kloridi ya methili au amonia, na kuvuja kwake halikuwa jambo la kupuuzwa. Dioksidi ya salfa huchoma pua na macho hata ikiwa kidogo. Kloridi ya methili ni mbaya zaidi kwa sababu ni sumu isiyojitangaza kwa harufu kali. Albert Einstein na Leo Szilard, wote wakiwa Berlin, walianza mwaka 1926 kubuni friji lisilo na sehemu zinazosogea, wakisukumwa na habari ya gazeti kuhusu familia iliyouawa na gesi iliyovuja kutoka kwenye friji lao. Hataza yao ya Marekani ilitolewa mwaka 1930. Katika zama hizo fundi hakuwa na hiari. Alichovya kitambaa kwenye amonia, akakipitisha karibu na kila kiungio cha friji la salfa, na palipotoka moshi mweupe ndipo palipovuja. Tundu lilitafutwa kwa sababu tundu liliua.

Kisha mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya kitengo cha Frigidaire cha General Motors, walipata gesi iliyokuja kujulikana kama R-12, au Freon. Haikunuka, haikuwaka, haikuwa sumu kwa viwango vya kawaida. Ilikuwa nafuu kubwa kwa usalama wa nyumba, na haifai kuibeza. Lakini pamoja na sumu iliondoa pia hofu, na hofu ilipoondoka, umakini ulipungua. Gesi ikivuja hakuna aliyekohoa, hakuna aliyekimbia nje; kilichoonekana ni friji kupoza kidogo tu, na gesi ya kuongeza ilikuwa rahisi. Gharama yake halisi ilijulikana baadaye. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za jamii hii huharibu ozoni ya juu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, ambao chini yake nchi zinazoendelea zilipaswa kuachana na gesi hizo kufikia 2010. R-12 hukaa angani kwa karibu karne moja. Gramu 150 tu, kiasi cha friji moja la nyumbani, zina nguvu ya kulitia joto anga sawa na zaidi ya tani moja na nusu ya kaboni dioksidi. Kila aliyejaza bila kuziba alikuwa anaipeleka gesi hiyo juu kwa mkono wake, huku akidhani anatengeneza friji.

Uchunguzi wenyewe lazima uanze mbali na gesi, kwa sababu malalamiko mengi ya “friji linavuja” ni ya maji. Barafu ya friza la zamani ikiyeyuka, maji yake hupita kwenye tundu dogo nyuma ya droo ya mboga, hushuka kwa mrija hadi kwenye trei iliyo karibu na kompresa, na hapo hukauka. Tundu hilo likizibwa na mabaki ya chakula, maji hujaa chini ya droo na kumwagika sakafuni. Maji ya uvuguvugu na waya laini humaliza kazi. Mpira wa mlango uliokauka huingiza hewa ya nje yenye unyevu, nayo huganda na baadaye kuchuruzika. Hili ni zito zaidi Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam kuliko mahali pakavu, maana hewa ya pwani haikosi unyevu. Karatasi ikibanwa kwenye mlango kisha ikavutwa bila ukinzani wowote, mpira umekwisha. Hapa hakuna gesi ya kujazwa, wala bomba la kutobolewa.

Ikiwa maji hayahusiki na friji bado halipozi, barafu yenyewe ndiyo shahidi wa kusikilizwa kabla ya geji. Gesi ikiwa kamili, barafu hutanda sawasawa juu ya friza lote. Ikiwa imepungua, barafu hujikusanya pale tu kimiminika kinapoingilia, na sehemu iliyobaki hukaa kavu. Kompresa hufanya kazi bila kupumzika, na koili ya nyuma, ambayo ingepaswa kuwa na joto la wazi mkononi, huwa na uvuguvugu tu. Vali za kompresa zikichoka dalili ni nyingine: friza lote hupoa kidogo, hakuna barafu popote. Unyevu ukiwa ndani ya mzunguko, friji hupoza vizuri, hukata, hupoza tena, kwa sababu tone la maji huganda kwenye mdomo wa kapilari, ule mrija mwembamba unaoingiza kimiminika kwenye friza, na kuuziba. Mahali hapo pakipashwa moto kidogo, gesi husikika ikipita tena. Na kapilari iliyozibwa na uchafu huiga kabisa upungufu wa gesi. Fundi anayejaza katika hali hiyo anaongeza presha kwenye mashine ambayo haikupungukiwa kitu. Ndiyo maana nasema geji isifunguliwe kwanza: kwenye friji ambalo halijawahi kutobolewa, kutoboa tu ili kusoma presha ni kuanzisha mahali papya pa kuvujia.

Upungufu ukithibitika, sasa tundu lisakwe. Gesi inapotoka hubeba mafuta ya kompresa, na mafuta hunasa vumbi, hivyo doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye bomba ni dalili bora kuliko vifaa vingi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni friza lenyewe, kwani matundu mengi ya gesi yametobolewa kwa kisu cha jikoni, mtu akibandua barafu kwenye alumini laini. Baadaye viungio, hasa palipokutana alumini na shaba, metali mbili ambazo zikilowa pamoja alumini huliwa. Halafu mabomba ya chuma, ambayo chumvi ya pwani huyala kwa kasi, pamoja na lile linalozungushwa kwenye fremu ya mlango ili isitokwe jasho. Hilo limefichwa, na kutu yake haionekani hadi imeshatoboka. Na palipowahi kufanyiwa kazi patiliwe shaka mara mbili. Ile vali ndogo ya kubana, inayotoboa bomba kwa sindano, hutegemea mpira, na mpira huo hugeuka mgumu kwa joto la kompresa. Mara nyingi friji lililokuwa na tundu moja limeachwa na fundi wake likiwa na mawili.

Povu la sabuni ni kifaa kizuri, ila wengi hulitumia bila subira. Tuchukue friji lenye gramu 150 za R-12 linalopoteza gramu 10 kwa mwaka. Gramu 10 za gesi hiyo, zikiingia kwenye hewa ya kawaida, ni takriban lita mbili. Zigawanywe kwa saa 8,760 za mwaka mzima, ni chini ya robo ya mililita kwa saa. Kiputo chenye upana wa milimita tatu hubeba karibu mililita 0.014, kwa hiyo tundu hilo litatoa kiputo kimoja kila baada ya dakika nne hivi. Fundi anayepaka povu, akatazama kwa sekunde kumi na kusema hakuna kitu, hajapima chochote. Upande wa presha kubwa ukaguliwe kompresa ikifanya kazi, na upande wa friza ukaguliwe ikiwa imezimwa, presha zikiwa zimelingana. Tundu likigoma kuonekana, mzunguko utolewe gesi, ukatwe vipande, na kila kipande kipimwe peke yake kwa naitrojeni kavu kwa presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine. Kipande ambacho sindano ya geji yake imeshuka baada ya usiku mmoja ndicho chenye ugonjwa. Naitrojeni, narudia, si oksijeni. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mtungi wake upo karibu na kila mchomeleaji, jambo linalofanya kishawishi kiwe kikubwa.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na ni la haki. Kutafuta tundu huchukua siku nzima au mbili, naitrojeni si ya bure, na mwenye friji ana samaki wanaooza leo. Kujaza ni rahisi na matokeo huonekana jioni. Nakubali kwamba kwa mtu asiye na akiba, malipo madogo yanayorudiwa hubebeka kuliko malipo makubwa ya mara moja. Ila hesabu haiishii kwenye gesi. Katika kompresa iliyofungwa, gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza mota. Ikipungua, mota hupata joto huku ikilazimika kuzunguka mfululizo, na mafuta yanayotoka na gesi hayarudishwi na mtungi. Katika gesi ambazo upande wa friza huwa chini ya presha ya hewa, kama dioksidi ya salfa ya zamani au R-600a ya sasa, mambo ni mabaya zaidi: tundu la upande huo halitoi gesi mashine ikifanya kazi, bali huvuta hewa na unyevu ndani. Anayejaza juu ya hewa hiyo anafungia maji ndani ya kompresa. Mwisho wake ni kompresa kuungua, na kompresa ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Pingamizi la pili husema friji kongwe lenyewe halifai kuhangaikiwa, linakula umeme. Kuna ukweli ndani yake. Mafriji makubwa yaliyouzwa Marekani katikati ya miaka ya 1970 yalitumia kwa wastani takriban uniti 1,800 kwa mwaka, na ya sasa hutumia sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini ule ulaji ulitokana kwa sehemu kubwa na ukubwa, feni, na hita za kuyeyusha barafu. Friji la mlango mmoja la miaka ya 1950 au 1960, lisilo na feni wala hita, ni mashine ya kiasi. Zaidi ya hayo, kuvuja kwenyewe ndiko kunakolifanya liwe mlaji: kompresa ya wati 120 inayozunguka saa 24 humaliza karibu uniti tatu kwa siku, wakati ile ile ikiwa na gesi kamili na kufanya kazi kwa theluthi moja ya muda hutumia uniti moja. Mtu asilihukumu friji kwa bili ya siku za ugonjwa wake. Mimi ningeweka mpaka kwingine: kama pamba ya kukinga joto ndani ya kuta imelowa na kuoza, kama bodi limeliwa na kutu hadi mlango haukai, hapo liachwe. Likiachwa, mlango ung'olewe. Mafriji ya zamani yenye kitasa cha kujifunga hayafunguki kutoka ndani, na watoto waliojificha humo wamekufa kwa kukosa hewa. Ndiyo sababu Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kulazimisha milango inayosukumika kutoka ndani. Friji bovu lililotupwa uani likiwa na mlango wake ni mtego.

Wapo pia wanaosema gesi mpya itamaliza tatizo, au dawa ya kuziba inayomiminwa ndani. Dawa hizo nyingi huganda zikikutana na hewa au unyevu, na haziwezi kutofautisha kati ya ufa na njia ya kapilari, yenye tundu jembamba kama la sindano. Kuhusu gesi, R-134a haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyomo kwenye kompresa za R-12. Mafuta hubaki kwenye friza, kompresa hukaukiwa. Nayo ni miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza kwenye Marekebisho ya Kigali, Rwanda, mwaka 2016. R-600a, yaani isobutani, inapatana na mafuta hayo na madhara yake kwa anga ni madogo sana, ila inawaka, na hapa ndipo hoja ya tundu inapokuwa hoja ya uhai. Gramu 10 za isobutani ni zaidi ya lita nne za gesi. Zikivujia ndani ya friji la lita 200 huwa asilimia mbili ya hewa iliyomo, na isobutani huanza kuwaka ikifika karibu asilimia 1.8. Friji la zamani lina thamostati na swichi ya taa humo humo ndani, na zote hutoa cheche. Kumwaga isobutani kwenye friji ambalo friza lake limetoboka kwa kisu, bila kuliziba, ni kutega moto jikoni.

Yapo mafriji ya aina mbili ambayo fundi wa mtaani asiyafungue kamwe. La kwanza ni lile la dioksidi ya salfa: ikikutana na unyevu hugeuka asidi na kula mashine, na ikitoka chumbani huumiza mapafu. Kama linapoza, liachwe kama lilivyo. Kama linavuja, litolewe nje na aitwe mwenye vifaa vya kuikusanya gesi hiyo. La pili ni friji la mafuta ya taa, uvumbuzi wa Baltzar von Platen na Carl Munters wa Stockholm mwaka 1922, uliochukuliwa na Electrolux na kufika hadi zahanati za Afrika Mashariki zisizo na umeme, ambako lilihifadhi chanjo. Hilo halina kompresa. Ndani yake mna amonia, maji na haidrojeni kwa presha kubwa. Likiwa na harufu ya amonia na unga wa njano nyuma, limekwisha vuja, na unga huo ni kromati, sumu isiyoguswa kwa mkono mtupu.

Kwa friji la kompresa lililobaki, kazi ikishafika kwenye tundu huwa ya mpangilio tu. Gesi iliyobaki ikusanywe kwenye mtungi, isiachwe iende. Kiungio cha shaba kichomelewe kwa fimbo ya fedha huku naitrojeni ikipita taratibu ndani ili masizi yasijijenge. Tundu la alumini lisafishwe hadi ling'ae, lizibwe kwa gundi ngumu ya metali au kwa kuchomelea, kutegemea mahali lilipo. Bomba la fremu ya mlango lililooza lisirukwe kwa macho bali likatwe nje ya mzunguko. Filta ibadilishwe kila mara mzunguko unapofunguliwa. Halafu pampu ya vakyumu ivute kwa muda wa kutosha kuchemsha unyevu utoke, na ikizimwa sindano isipande. Gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu, si kwa kubahatisha kwa mkono kwenye bomba, na mrija wa kujazia ubanwe na kuchomelewa badala ya kuachiwa vali ya mpira. Mwenye friji ana haki ya kudai jambo moja zaidi kabla ya kulipa: karatasi ibandikwe nyuma ya mashine ikiwa na aina ya gesi, gramu zilizotiwa, tarehe, na mahali hasa tundu lilipokuwa, ili fundi atakayeitwa baadaye aanze kwa kukagua kiungio hicho kabla hajagusa mtungi.